Pua Imekatwa, Wajihi Haukuungwa

Ndugu wasomaji, tuanze na neno litakalowaudhi baadhi yenu: mkusanyiko wa "nyimbo bora" si zawadi. Mara nyingi ni mwizi aliyebisha hodi kwa adabu. Tunasema hivyo tukiwa Johannesburg, katikati ya jiji, ambako miaka ya 2000 ilikuwa vigumu kutembea kutoka stesheni ya Park hadi Carlton Centre bila kupita meza za wachuuzi zilizojaa CD za namna hiyo. Ishirini bora za huyu, kumi na nane zilizotamba za yule. Tulizinunua, tukazipigisha majumbani, tukawatumia ndugu Dar na Mombasa. Siku hizi simu zetu zimeirithi tabia ile ile. Ukitafuta jina la msanii, unaletewa kwanza nyimbo zake chache zinazopendwa, na wengi wetu hatuvuki hapo.

Tuchukue mfano mmoja ambao nchi hii iliujua kuliko hata kwao alikotoka mwenyewe. Sixto Rodriguez wa Detroit alitoa albamu ya Cold Fact mwaka 1970. Ni roki ya saikedelia ya enzi zile: gitaa lenye ukungu, sauti zinazozunguka kama moshi, na maneno ya mitaa ya maskini. Marekani haikuuzika. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ikaenea, hasa kwa vijana wa Kizungu waliokuwa wameanza kuuliza maswali. Ina nyimbo 12. Wimbo wa nne unayahesabu maovu ya jiji na wakubwa wake mmoja mmoja. Wa sita, unaofunga upande wa kwanza, ni mfupi na ni wa kuagana. Hasira, kisha kuachana, kisha kimya, kisha unainuka kwenda kugeuza santuri. Kimya kile nacho ni sehemu ya kazi, na hakuna mkusanyiko unaokutunzia.

Watawala waliujua uzito wa santuri. Filamu ya Searching for Sugar Man ya mwaka 2012 ilionyesha nakala ya Cold Fact kutoka hifadhi ya shirika la utangazaji, SABC. Wimbo wa kwanza umekwaruzwa kwa kitu chenye ncha, ili mtangazaji asiweze kuupiga hata akitaka. Bendi ya hapa hapa Afrika Kusini, Freedom's Children, ilipotoa albamu yake ya Astra mwaka huo huo wa 1970, Nazareth iligeuzwa kuwa Hazareth katika jina la wimbo mmoja kwa hofu ya wakaguzi.

Sasa tunauliza: anayekaa ofisini na kuamua wimbo huu uuzwe, ule uachwe, ana tofauti gani na yule mwenye msumari? Nia zao si moja, tunakubali. Mmoja aliogopa, mwingine anatafuta faida. Lakini msikilizaji anaachiwa kitu kile kile, yaani pengo. Tena aliyekwaruza santuri aliacha kovu. Ukiitazama unajua kuna kitu kimeondolewa. Mkusanyiko hauachi kovu. Wahenga walisema kata pua uunge wajihi. Hapa pua imekatwa, na wajihi haukuungwa.

Wapo watakaotujibu kwamba Rodriguez huyo huyo alikuwa na mkusanyiko, At His Best, uliotoka Australia mwaka 1977 na baadaye ukauzwa huku, na kwamba ndani yake mlikuwa na nyimbo tatu ambazo hazimo katika albamu zake mbili. Ni kweli. Watatuambia pia kwamba nyimbo nyingi za Nairobi za miaka ya 1970 zilitoka katika santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, na hazikuwahi kuwa na albamu. Ni kweli pia. Afro-Rock Volume One, iliyokusanywa na Duncan Brooker na kutoka mwaka 2001, iliurudisha mbele za watu wimbo wa "Fever" wa Mkenya Ishmael Jingo. Kenya Special ya mwaka 2013 ilifanya kazi kama hiyo. Hizo tunazipokea kwa mikono miwili. Kukusanya yatima si sawa na kuvunja nyumba ya watu.

Ila tukumbuke ni nini kilichomrudisha Rodriguez mwenyewe. Huku ilisemekana amejiua jukwaani. Mwaka 1996 albamu yake ya pili, Coming from Reality, ilitolewa upya Afrika Kusini katika CD, na katika maelezo ya jalada Stephen Segerman akauliza kama yupo mtu wa kuichunguza habari hiyo. Mwandishi Craig Bartholomew akaifuatilia. Mwaka 1997 ikajulikana yu hai, Detroit. Machi 1998 akaja kuimba mbele ya maelfu, na akaishi hadi 2023. Mlango ule ulifunguliwa na albamu nzima, pamoja na jalada lake na maneno yake.

Mtatuuliza hayo yanatuhusu nini sisi Waswahili. Yanatuhusu sana. Mgeni akituuliza muziki wa kwetu, tunampa "Malaika" na "Jambo Bwana", basi. Nyimbo nzuri zote mbili, lakini tumejifanyia wenyewe mkusanyiko wa nyimbo mbili, na watoto wetu waliozaliwa ugenini wanaamini kwamba ndiyo hazina yote tuliyotoka nayo. Hakuna aliyetukwaruzia santuri zetu. Tumefanya kwa mkono wetu.

Basi tunaomba jambo dogo. Sikukuu ijayo, kabla ya kuwasha orodha ya nyimbo zilizochaguliwa na mtu msiyemjua, tafuteni albamu moja nzima, ya mwanamuziki yeyote mnayemheshimu. Ipigeni tangu mwanzo hadi mwisho, na ule wimbo msioupenda muuache upite. Someni jalada kwa sauti: nani alipiga gitaa, nani alitunga, mwaka gani. Mtoto akiuliza mbona wimbo huu haujulikani, hapo ndipo mazungumzo yatakapoanza.