Namba kwenye kioo si joto la maji

Jamani, sisi watu wa kompyuta tuna ugonjwa mmoja: namba ikiwa na desimali, tunaiamini. Wenye mabwawa ya maji moto nyumbani wapime yao. Huku Mathare tunapima maji ya beseni la kumwogeshea mtoto, nyuzi 37 hivi.

Kihisi cha DS18B20 kinatosha, hukosea kwa nusu nyuzi tu. Ila kikiwashwa, kabla hakijapima, husema 85. Programu yako iitupe namba hiyo.

Hatari kubwa ni kukisahihisha vibaya. Tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa, mita 1,600 hivi juu ya bahari, huchemka kwa 95 hivi. Ukiona 95 ukaongeza 5 kwenye programu, umekiharibu: kitasema 37, kumbe mtoto anaogeshwa kwa 32 katika baridi ya Julai. Tumia barafu inayoyeyuka; hiyo ni 0 Mathare na Mombasa pia.

Halafu koroga kabla ya kupima. Maji moto hukaa juu, na kihisi kilicholala chini hakiyaoni.

Maoni yangu: kifaa kisaidie, lakini kiwiko cha mama ndicho kiamue.