Tablo ya mashini: feza ilienda kwa nani?

Mu mwezi wa kumi 2018, kule New York, nyumba ya mnada Christie's iliuzisha tablo moja dola 432.500. Walikuwa wamehesabu itafika 7.000 ao 10.000 tu. Ni sura ya mwanaume mmoja mnene, haionekane muzuri, jina Edmond de Belamy. Chini, pale fundi anawekaka jina yake, waliandika hesabu ya algebra!

Vijana watatu wa Paris, kikundi Obvious, njo waliitosha. Walionyesha ordinatere picha karibu 15.000 za watu, za tangu karne ya 14, ikajifunza, ikatosha sura yake. Lakini programu yenye walitumia, sehemu kubwa ilitoka kwa kijana wa Marekani, Robbie Barrat, mwenye aliiweka bure ku intaneti. Alilalamika mbele ya watu wote. Feza ilienda kwa wenye kuuzisha. Wachoraji wa zamani walishakufa, wao hawadai kitu.

Sisi wa sendika, hii hadisi tunaijua. (Kobalti ya betri za ordinatere pia, mingi inatoka kwetu.) Ndugu wanatuuliza kila siku kama mashini itatukamatia kazi. Ulizo ingine iko mbele: mashini ilijifunza kwa nani, na ule alilipwa? Siku mapatro wataleta kamyo ya kutembea pasipo shofere, yenye ilijifunza ku mikono ya mashofere wetu, tutaomba waandike ku mkataba: ule ufundi wanaununua bei gani?