Darubini za bunduki zenye kompyuta zitofautishwe



Natoa maoni yangu juu ya darubini za bunduki zenye kompyuta, ambazo wawindaji wa ng'ambo wanazinunua. Jambo hili linatuhusu, maana nchi yetu hupokea watalii wa uwindaji, na wengi huja na bunduki zao.

Wako wanaodhani kuwa darubini hizi zote ni za namna moja na zinazidiana bei tu. Sivyo. Ile iitwayo Burris Eliminator hupima masafa kwa leza, kisha huwasha kinukta ndani ya kioo kuonyesha mahali pa kulenga. Sig Sauer BDX, iliyotoka mwaka 2018, hupokea hesabu bila waya kutoka kipima masafa kilicho pembeni. Katika hizo mbili, wakati wa kufyatua huamuliwa na mwindaji mwenyewe.

TrackingPoint ya Texas, Marekani, iliyotokea mwaka 2013 kwa bei ya zaidi ya dola 20,000, ni tofauti. Mwindaji huweka alama juu ya mnyama, hubana kifyatulio, na bunduki hungoja mpaka shabaha ilingane na alama ndipo risasi itoke. SMASH ya Israel hufanya kazi kwa njia kama hiyo, lakini ni silaha ya majeshi. Uingereza iliinunua mwaka 2023 kwa ajili ya askari wake kutungulia ndege ndogo zisizo na rubani.

Watetezi husema kompyuta huwapunguzia wanyama majeraha. Hoja hiyo ina uzito kwa masafa mafupi. Lakini chombo hiki humshawishi mtu apige kutoka mbali mno. Kwa mita 900 risasi hukaa hewani zaidi ya sekunde moja, na mnyama akipiga hatua moja tu, hupigwa tumboni badala ya moyoni. Hakuna kompyuta inayojua hatua hiyo kabla. Tena, mwaka 2015 wataalamu Runa Sandvik na Michael Auger waliingilia TrackingPoint kwa mawasiliano yake yasiyo na waya, wakabadili hesabu zake hata risasi ikapiga shabaha nyingine.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataja njia za kuwinda zilizokatazwa. Nawaomba wahusika, watungapo kanuni chini yake, wasitazame jina wala bei ya darubini. Waulize jambo moja: ni nani anayeamua risasi itoke? Darubini inayomwonyesha mwindaji iruhusiwe. Ile inayomwamulia ipigwe marufuku katika mapori yetu.

Wanyama hawa ni mali ya wananchi wote. Anayekuja kuwawinda na awasogelee kwa miguu yake na awajibike kwa risasi yake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Namtumbo, Ruvuma.