Mtaalamu wa Lishe Akipanda Cheo, Mgonjwa Humpoteza

Wanafunzi huniuliza mara kwa mara iwapo shahada ya lishe ina ajira. Nami huwauliza: mnataka kumhudumia nani? Njia ya kuingia katika taaluma hii inajulikana. Aliyefaulu kemia na baiolojia kidato cha sita aweza kusomea lishe ya binadamu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kisha akaomba kazi ya Afisa Lishe Daraja la II katika halmashauri. Utata huanzia hapo.

Sidharau kazi ya halmashauri. Afisa lishe ndiye mlinzi wa ile shilingi 1,000 ambayo kila halmashauri imeagizwa kuitenga kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na aliyewahi kuketi katika kikao cha bajeti anajua fedha ya aina hiyo huwa ya kwanza kukatwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa umri huo nchini wamedumaa. Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine, ulikuwa na asilimia 56.9. Mahindi yamejaa ghalani na mtoto amedumaa! Hapo panahitajika mtu awezaye kueleza kwa nini uji wa mahindi matupu hautoshi, na namna kazi za shamba zinavyomnyima mama muda wa kumlisha mwanawe.

Lakini yuko mhitaji mwingine, naye amelazwa hospitalini: mwenye kisukari, aliyeungua moto, anayesafishwa damu kwa sababu figo zimeshindwa. Huyu anahitaji mtaalamu wa lishe tiba, anayesoma majibu ya maabara, akakokotoa protini na potasiamu, kisha akayageuza kuwa kipimo cha ugali, ndizi na maharage kulingana na kipato cha mgonjwa. Ustadi huo hukomaa wodini kwa miaka, chini ya jicho la aliyetangulia. Nionavyo mimi, muundo wetu wa utumishi hauutuzi. Anayetaka kufika Mwandamizi, kisha Mkuu, husogea mezani kuandika taarifa, na wodi hubaki na mgeni.

Kenya ilitunga sheria ya taaluma hii mwaka 2007, na jina lake hutaja watu wawili, wa lishe ya jamii na wa lishe tiba, wote wakitakiwa kusajiliwa na kupewa leseni. Baadhi ya wenzangu hupendelea mfano wa Marekani, ambako tangu Januari 2024 hakuna aruhusiwaye kufanya mtihani wa usajili bila shahada ya uzamili. Sikubaliani nao. Uzamili juu ya ngazi inayoelekea ofisini utatupatia maofisa wenye uzamili, basi.

Ndugu zangu mlioko Utumishi, daktari bingwa hupanda cheo akiwa bado na wagonjwa wake. Mpeni mtaalamu wa lishe tiba ngazi kama hiyo, na kabla yake mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, wenye posho, katika hospitali ya rufaa.