Tarakilishi ya nyumbani yahitaji msimamizi mmoja

Juma lililopita jirani yangu, mwalimu wa shule ya upili, alinijia akiwa amekata tamaa. Alama za mtihani wa mwigo wa Kidato cha Nne, alizozikusanya kwa siku nyingi katika tarakilishi yake ya nyumbani, hazikufunguka tena, na kwenye kioo palikuwa na ujumbe wa mtu asiyejulikana akidai fedha. Mwanawe alikuwa ameingiza mchezo wa bure kutoka kwenye intaneti. Mashine ilimwuliza iwapo airuhusu programu hiyo, naye, kama mtoto yeyote mwenye hamu ya kucheza, akabonyeza "Ndiyo".

Hatuoni sababu ya kumlaumu mtoto. Lawama ni yetu sisi watu wazima tunaonunua mashine, tukafungua akaunti moja, kisha tukaiacha itumiwe na jamaa nzima, pamoja na mgeni aliyepita kutazama matokeo yake. Wengi hawajui kwamba katika Windows akaunti ya kwanza kufunguliwa huwa ya msimamizi. Mwenye akaunti hiyo aweza kuingiza programu yoyote, kuizima kinga ya virusi, kuzifikia faili za wenzake na hata kuzifuta akaunti zao. Programu anayoipa ruhusa hurithi uwezo wake wote.

Wataalamu waliliona jambo hili zamani. Mnamo 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa Marekani waliandika kwamba kila mtumiaji na kila programu wapewe uwezo ule tu unaohitajika kwa kazi yao. Hata hivyo, tarakilishi za nyumbani zilichelewa kufuata ushauri huo. Windows 95 haikuwa na mgawanyo wa kweli kati ya msimamizi na mtumiaji wa kawaida. Windows Vista ilipoingia madukani mwaka 2007, ilileta lile swali la kuomba ruhusa, watu wakalilalamikia kweli kweli. Na hadi leo twalijibu bila kulisoma!

Dawa yake haina gharama. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti, ufungue akaunti nyingine, uifanye ya msimamizi na kuipa neno la siri lililo gumu kubahatisha. Ingia humo kwanza uhakikishe inafanya kazi, kisha ndipo uishushe akaunti yako ya kila siku iwe ya kawaida. Kila mtoto naye afunguliwe yake ya kawaida. Tangu hapo, programu inayotaka kuibadilisha mashine haitatosheka na "Ndiyo", bali itadai neno la siri la msimamizi. Neno hilo liandikwe na kuwekwa pamoja na hatimiliki ya shamba, wala lisibandikwe kando ya kioo kama tulivyoona katika nyumba kadhaa.

Tusidanganyane, lakini. Akaunti ya kawaida haimkingi mtu dhidi ya mkono wake mwenyewe: programu mbovu anayoifungua mwalimu yaweza kuziharibu faili za mwalimu. Ila ile aliyoifungua mtoto, kwa kawaida, itaishia kwenye faili za mtoto. Kwa hiyo nakala ya alama na ihifadhiwe pia katika diski inayochomolewa kazi ikiisha. Alama hizo ni habari za kibinafsi za watoto wa watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka zitunzwe.

Nanyi wanafunzi mnaonung'unika kwamba tarakilishi za shule hazikubali michezo yenu, bila shaka sasa mmeelewa sababu.

Jirani yangu alibahatika kwa jambo moja: karatasi za majibu alikuwa bado hajazirudisha darasani. Jana taa ya sebuleni mwake iliwaka hadi saa nane za usiku, akijumlisha upya.