Mashine ya maelfu ya dola, kisu kimefungwa kwa kopo la soda

SHITURU, Likasi – Shina la kisu likiwa jembamba kuliko tundu la mashine, kuna fundi mbao anayekata kipande cha kopo la soda, analizungushia shina, anakaza nati kwa nguvu zake zote, kisha anawasha mashine. Anayesimama karibu kuondoa vumbi ni kijana anayejifunza kazi. Fundi anaita hiyo akili ya kazi. Si akili. Ni kumsimamisha mtoto wa mwenzako mbele ya bunduki isiyojulikana itapiga saa ngapi.

Kinachokosekana hapo ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Kwenye makaratasi ya mashine kimeandikwa koleti. Waliosoma ufundi kwa Kifaransa wanakiita pinsi, jina linaloleta matata, maana ukiomba pinsi sokoni utapewa ile ya kukatia waya. Koleti ni bomba fupi la chuma chenye springi: nje lina umbo la koni, ndani lina tundu lililonyooka, na pembeni limepasuliwa mistari. Linaingia kwenye mdomo wa spindeli, yaani mhimili unaozungusha kisu. Nati ikikazwa, koni inasukumwa ndani, mistari inajifunga, na tundu linabana shina la kisu pande zote. Hakuna kitu kingine kinachokishika kisu hicho. Si meza, si kompyuta, si maombi.

Mashine za CNC za kuchonga mbao, zile zinazoongozwa na kompyuta, zinauzwa sana kutoka China, na mizigo kama hiyo inaingia Katanga kwa malori kupitia Kasumbalesa. Anayenunua anauliza ukubwa wa meza. Anauliza kilowati ngapi, anauliza kama umeme wa SNEL utaiweza. Juu ya koleti haulizi neno. Anapokea moja au mbili ndani ya boksi, na hizo ndizo zitakazotumika mpaka zife, na baada ya kufa.

Aina iliyoenea zaidi kwenye mashine hizi ni ER, iliyobuniwa na kampuni ya REGO-FIX ya Uswisi mwaka 1972 na baadaye ikaingizwa kwenye kanuni ya DIN 6499. Spindeli ya kilowati 2.2 kwa kawaida hutumia ER20, inayopokea mashina ya milimita 1 hadi 13. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Hiyo 1 hadi 13 ni ya koleti zote za ER20 zikiwa pamoja, si ya koleti moja. Koleti moja ya ER20 inajifunga milimita 1 tu. Yenye alama ya 7–6 inashika shina la 7 kushuka hadi 6, basi. Na hata ndani ya nafasi hiyo inashika vizuri zaidi shina linapokaribia kipimo chake kikubwa.

Kisu cha robo inchi ni milimita 6.35. Kwa ER kinaingia kwenye hiyo 7–6 bila ugomvi. Lakini mashine ya mkono, ile defonsezi, mara nyingi koleti yake haina nafasi hiyo: ya 6 ni ya 6, ya robo inchi ni ya robo inchi. Vilevile nusu inchi ni 12.7, si 12. Visu vya vipimo vya Ulaya na vya Marekani vinauzwa meza moja, vimechanganywa, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kaliperi inavitofautisha kwa muda wa kupumua mara moja. Asiye na kaliperi ndiye anayekwenda kutafuta kopo la soda.

Spindeli ikizunguka mara 24,000 kwa dakika, ni mizunguko 400 kila sekunde. Chukua kisu chenye upana wa milimita 25 kikizunguka mara 18,000 tu: ncha yake inakwenda karibu kilomita 85 kwa saa, mwendo wa lori lenye haraka kwenye barabara ya Likasi kwenda Lubumbashi. Kikichomoka au kikivunjika, kipande kinaruka kwa mwendo huo, na hakichagui jicho la patroni au la kijana.

Hasara nyingine haina damu, kwa hiyo haisemwi. Kisu chenye meno mawili, kila jino likipangiwa kula milimita 0.10 ya mbao, kikiyumba milimita 0.05 kwa sababu ya koleti mbovu, jino moja linaweza kula 0.15 na la pili 0.05. Jino la kwanza linachoka kabla ya wakati wake. La pili linasugua badala ya kukata, linapata joto, linaunguza mbao. Mteja anaona ukingo mweusi, anakataa mlango, na lawama inakwenda kwa kijana aliyeiweka mbao mezani. Mara ngapi kijana amekatwa posho kwa kosa la kipande cha chuma ambacho hakukinunua yeye?

Mapatroni wana jibu lao: hakuna pesa. Jibu hilo halisimami. Aliyepata maelfu ya dola ya kununua mashine hawezi kusema amekosa bei ya koleti nne, wakati kila mwezi anatupa visu vya kabidi vilivyokufa kwa sababu ya koleti hiyohiyo. Wala hakuna anayemdai anunue za anasa. Kwa fundi wa vitanda na milango, koleti inayoyumba sehemu ya mia moja ya milimita inatosha kabisa. Mfanyabiashara anayemsukumia ile ya nusu ya hapo kwa bei ya juu anamwibia naye. Na koleti nzuri kuliko zote haisaidii kitu ikiwekwa kwenye mdomo wa spindeli wenye kutu na vumbi.

Wengine wanasema vijana hawaelewi mambo ya vipimo. Hayo yanasemwa Likasi! Viwanda vya shaba vya Shituru vimekuwepo tangu 1929. Karakana kuu za Gécamines ziko Panda, komini jirani, na humo waturneri na waajisteri walifanya kazi na komparateri mkononi, wakibishana juu ya sehemu ya mia ya milimita kama watu wengine wanavyobishana juu ya mpira. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia. Wengi wao wamezeeka hapahapa mjini. Mzee wa namna hiyo akiitwa asubuhi moja kwa mwezi, akalipwa nauli na chakula, ataweka komparateri kwenye shina la kisu, ataizungusha spindeli kwa mkono, na ndani ya dakika tano atasema ipi ya kutupa. Tatizo si kwamba maarifa hayapo. Hakuna anayemwita mzee.

Familia zilizokimbia Mitwaba, Pweto na Manono katika miaka ya ile pembetatu ya kifo zinaujua mpango wa mjini: mtoto hana shamba tena, pesa za shule hazipo, basi anapelekwa kwa fundi. Mama anashukuru, anapeleka hata kuku. Mtoto wa mkimbizi hawezi kubisha, kwa sababu nafasi yake inangojewa na wengine watatu. Ndiye anayeambiwa «kaza tu, itashika». Na miradi ya misaada inayogawa mashine kwa ajili ya vijana hao nayo haiachwi pembeni: kupiga picha ya mashine mpya yenye utepe, bila koleti za akiba, bila kaliperi, bila miwani ya kukinga macho, ni kugawa nusu ya kitu na kuandika ripoti ya kitu kizima.

Kazi yenyewe haina siri. Koleti inaingizwa kwanza ndani ya nati, kwa kuilaza kidogo hadi isikike «tak». Ndipo nati na koleti vinapelekwa pamoja kwenye spindeli. Anayetia koleti kwenye spindeli kisha kufuatisha nati juu yake anaifunga upande, na ikifika siku ya kutoka haitoki. Shina lijaze angalau theluthi mbili za urefu wa koleti, lisiguse chini kabisa, na sehemu yenye meno isibanwe. Nati isikazwe koleti ikiwa tupu, maana inajikunja ndani na haitarudi. Kila kisu kinapobadilishwa, utomvu na vumbi vitolewe kwa brashi laini ya shaba, na shaba Likasi haijawahi kukosekana. Grisi isiachwe ndani. Alama ya kahawia kwenye shina la kisu maana yake limeteleza.

Nayo inakufa. Wauzaji wengi wa visu vya CNC wanashauri koleti ibadilishwe baada ya saa 400 hadi 600 za kazi. Karakana inayofanya kazi saa sita kwa siku, siku sita kwa wiki, inafika 400 kabla ya miezi mitatu kwisha. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto kwa fundi mwenye mashine, na mwakilishi wa mradi anayekuja kuikabidhi, waombe kwanza kuonyeshwa boksi la koleti: ziko ngapi, zina alama gani, ya mwisho ilinunuliwa mwezi gani. Halafu waangalie chini ya meza kama kuna makopo ya soda yaliyokatwa.