Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini na Nani?

Ilikuwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 2 Januari 2024, muda mfupi kabla ya adhana. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule yangu hapa Dar es Salaam, mikono kichwani, taa zimezimwa ili nisiwaamshe wenzangu. Kwenye kioo cha kompyuta niliona uwanja wa Rose Bowl, mjini Pasadena, California, ambako jioni ya Mwaka Mpya ilikuwa bado haijaisha. Timu ya Chuo Kikuu cha Alabama ilikuwa imebakiwa na yadi tatu na jaribio moja. Ikivuka mstari, ingeweza kusawazisha. Ikizuiwa, mchezo umekwisha. Jalen Milroe alipokea mpira, akainamisha kichwa, akaingia kwenye ukuta wa miili. Ukuta haukusogea. Michigan 27, Alabama 20. Nilipiga ukelele ulioamsha nyumba nzima.

Wanafunzi wangu hushangaa wakisikia kwamba mwalimu wao, anayewahubiria kila muhula juu ya uchumi wa kisiasa, hukesha kwa ajili ya mchezo huu. Sababu ni ya kawaida tu. Nilisoma shahada ya uzamili Ann Arbor, na huko mtu haulizwi kama anapenda timu ya chuo. Jumamosi za vuli mji mzima huelekea kwenye uwanja unaochukua watu zaidi ya 107,000, na mgeni aliyebaki chumbani huhisi kwamba amebaki peke yake duniani. Nilikwenda kwa udadisi, nikarudi nimenaswa. Kwa hiyo ninachoandika leo ninakiandika kama mshabiki kwanza, na mchambuzi baadaye.

Kwa wasioufahamu mchezo huo: mpira ni mrefu, umechongoka kama yai, na hushikwa mkononi. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpinzani huchukua mpira. Kuuvusha mpira mstari wa mwisho ni alama 6, na mkwaju unaofuata huongeza moja. Mkwaju unaopita katikati ya milingoti wakati mchezo ukiendelea ni alama 3. Kila hatua hulipiwa kwa mgongano wa miili mizito inayokimbia kwa kasi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mateso. Michigan iliingia ikiwa na jeraha la miaka miwili: Desemba 2021 ilifungwa na Georgia 34–11 katika hatua hii hii ya nusu fainali, na Desemba 2022 ikafungwa na TCU 51–45. Mwanzoni kabisa mchezaji wetu mmoja aliuponyoka mpira uliopigwa juu, Alabama wakaudaka na kuongoza 7–0. Tulirudi, tukaongoza 13–10 hadi mapumziko, huku tukiwa tumepoteza alama moja kwa mkwaju ulioharibika. Katika robo ya mwisho Alabama wakapanda hadi 20–13. Zilibaki dakika 4 na sekunde 41.

Hapo ndipo nilipoacha kukaa. Michigan ilifika kwenye jaribio la nne ikiwa bado ndani ya nusu yake, ikihitaji yadi mbili. Kushindwa pale kulikuwa sawa na kufungasha virago. J.J. McCarthy alimtupia Blake Corum mpira mfupi, Corum akauvuka mstari uliotakiwa na kwenda mbali zaidi. Baadaye McCarthy akampata Roman Wilson ndani ya eneo la mwisho, na ikawa 20–20 ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 34. Kabla ya muda kwisha mchezaji wetu mwingine aliuponyoka mpira karibu kabisa na mstari wetu wenyewe, akauwahi kabla roho zetu hazijatoka. Katika muda wa nyongeza kila timu huanzia yadi 25. Corum alizimaliza kwa mbio mbili, ya pili akiwaacha wakabaji wakiegemea hewa. Yaliyobaki nimekwisha kuyasimulia.

Corum huyo alifanyiwa upasuaji wa goti mwishoni mwa msimu uliotangulia, na siku ya kipigo cha TCU hakuwepo uwanjani. Mwenzake Zak Zinter, mmoja wa watu waliokuwa wakimfungulia njia msimu mzima, alivunjika mguu tarehe 25 Novemba 2023 dhidi ya Ohio State. Katika mpango wa mchezo uliofuata mara tu baada ya Zinter kuondolewa, Corum alikimbia yadi 22 hadi mstarini, kisha akainua vidole kuonyesha namba 65, namba ya fulana ya rafiki yake. Niliona tukio lile moja kwa moja na macho yakanilenga. Furaha ya alfajiri ya Jumanne ilijengwa juu ya mguu ule na goti lile.

Wahenga wetu wamesema mcheza kwao hutunzwa. Anayejua ngoma anajua maana halisi ya neno kutunza. Mtazamaji muungwana haondoki uwanjani akiwa ameacha makofi tu. Huingia duarani na kumtuza mchezaji kwa noti au kwa khanga, kwa sababu jasho aliloliona limempa furaha ambayo si ya bure. Jua lilipochomoza siku ile nilijiuliza: hawa wamecheza kwao, mbele ya umma wao, kwa jina la chuo chao. Nani amewatunza?

Fedha zipo, tena si haba. Agosti 2022 shirikisho la Big Ten, ambalo Michigan ni mwanachama wake, lilitangaza mikataba ya televisheni yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7. Nick Saban, aliyekuwa kocha wa Alabama hadi Januari 2024, alilipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma mwenye mshahara mkubwa kuliko wote si gavana, si jaji wala daktari bingwa. Ni kocha wa chuo kikuu cha umma. Makocha hulipwa, watangazaji hulipwa, wakurugenzi wa michezo hulipwa. Wanaogongana walikuwa wakipewa ada ya masomo, malazi na chakula.

Utaratibu huu una neno lililoulinda. Chama cha Taifa cha Michezo ya Vyuo, NCAA, huwaita vijana hao wanafunzi-wanamichezo. Masikioni linasikika kama sifa. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho tangu 1951 kwa zaidi ya miaka 30, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba wao ndio waliolitunga neno hilo na kulipenyeza katika kanuni zote, kwa kuhofia kwamba mahakama zingewatambua wachezaji kama waajiriwa wanaostahili fidia wanapoumia.

Hofu hiyo haikuwa ya nadharia. Mwaka 1955 Ray Dennison, mchezaji wa chuo cha Fort Lewis A&M huko Colorado, aliumia kichwa mchezoni na kufariki. Mjane wake aliomba fidia kama ile anayopewa mjane wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kwamba hastahili, kwa kuwa chuo hakikuwa katika biashara ya mpira. Mama yule alirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya swali la jina: marehemu aitwe nani?

Haki inanitaka niseme kwamba mambo yanabadilika. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 9 kwa 0, iliizuia NCAA kuweka ukomo kwenye manufaa yanayohusiana na elimu ya wachezaji. Mwezi uliofuata wakaruhusiwa kupata kipato kutokana na majina na picha zao, na nyota kama McCarthy na Corum wamenufaika. Lakini fedha hizo zilitoka kwa makampuni na wafadhili, hazikutoka kwenye mabilioni ya televisheni. Waliozikosa zaidi ni wale wa mstari wa mbele, akina Zinter, ambao jina la mmoja hutajwa pale tu mguu unapovunjika. Desemba 2023 rais wa NCAA mwenyewe, Charlie Baker, alipendekeza vyuo tajiri viruhusiwe kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Hata aliyekuwa kocha wetu, Jim Harbaugh, alisema hadharani kwamba wachezaji wagawiwe sehemu ya mapato. Wenye nyumba wakianza kukiri kwamba paa linavuja, mpangaji hana sababu ya kunyamaza.

Najua jibu litakalonijia: ufadhili wa masomo si kitu kidogo. Ni kweli, na mimi mwenyewe nilisoma kwa ufadhili. Lakini ufadhili wangu haukunitaka nitoe goti langu, wala hakuna kituo cha televisheni kilichouza matangazo nilipokuwa nikiandika tasnifu. Thamani ya ujira hupimwa kwa kulinganisha kinachotolewa na kinachozalishwa, na pia kwa kuuliza kama mtoaji wa jasho alikuwa na sauti katika kuupanga.

Ushindi mwingine wa Michigan hunirudia kila ninapofikiria haya. Tarehe 20 Oktoba 1934 Georgia Tech walikuja Ann Arbor kwa sharti kwamba Willis Ward asicheze, kwa sababu alikuwa Mweusi. Wanafunzi walipinga, saini zikakusanywa. Uongozi wa chuo ukakubali sharti, Ward akawekwa nje. Gerald Ford, rafiki yake aliyelala naye chumba kimoja timu iliposafiri, alifikiria kugoma, kisha akacheza. Michigan ilishinda 9–2, na huo ukawa ushindi wake pekee wa msimu ule. Ford alikuja kuwa rais wa Marekani, na mwaka 1999, akiwa mzee, alimtaja Ward katika makala ya New York Times ya kutetea sera ya Michigan ya kuwafungulia mlango wanafunzi wa jamii zilizotengwa. Miaka 65 ilikuwa imepita na mechi ile bado ilimkera.

Yaelekea wapo walioshangilia siku ile ya 1934 kama nilivyoshangilia mimi alfajiri ile. Matokeo ya 9–2 hayaonyeshi nani aliachwa nje, kama ambavyo 27–20 haionyeshi nani hana bima ya goti lake akifika umri wa miaka arobaini. Kazi ya kuyaona hayo imeachiwa shabiki, na shabiki si hodari wa kazi hiyo. Nakiri udhaifu wangu. Novemba 2023 Harbaugh aliposimamishwa mechi tatu kutokana na uchunguzi wa wizi wa ishara za wapinzani, nilianza kutafuta visingizio kabla sijasoma tuhuma zenyewe. Ushabiki hututia upofu kwa hiari, na kwa hiyo huwafaa sana wenye mamlaka.

Msomaji aliye ofisini Dodoma au kwenye bweni la chuo Morogoro anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa njia ya lile neno. Sisi tuna letu: kujitolea. Ni neno lenye heshima, limebeba historia ya msaragambo na ya kujenga taifa. Lakini kijana mwenye shahada anayefundisha vipindi kamili mwaka wa tatu mfululizo, akilipwa nauli na shukrani, haachi kuwa mwalimu kwa sababu karatasi inamwita wa kujitolea. Watoto anaowafundisha hawafundishwi kwa kujitolea, wanafundishwa kwelikweli. Kila jina tamu linapotangulia mahali ambapo mshahara ulipaswa kuwepo, tuulize nani amelitunga na linamwokolea nani gharama.

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 9 Januari 2024, Michigan ilipangiwa kucheza fainali na Washington mjini Houston. Huku kwetu ilikuwa saa tisa na nusu usiku. Niliahidi kuamka, bila kujifanya mtakatifu. Nilikuwa nimekwisha kuwaomba radhi wa nyumbani mapema. Niliahidi kwamba Corum akikimbia ningepiga ukelele, na Zinter akionekana pembeni na magongo yake ningemtazama yeye kwa muda mrefu zaidi kuliko ubao wa matokeo. Makofi ningewapa. Tunzo lao wakati huo lilikuwa bado mikononi mwa wengine, na mshabiki anayewapenda kweli ana wajibu wa kulidai pamoja nao.